Eksirei safi, bega bado linauma: ultrasaundi itaona nini?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni fundi rangi hapa Mbagala, bega la kulia linanisumbua karibu miezi mitano sasa. Mkono ukiwa chini halina neno, ila nikipandisha rola ukutani kuna mahali panachoma vibaya afu nikishapapita panapoa, na usiku siwezi kulalia huo upande. Eksirei wamesema mifupa iko safi, sasa daktari kaniandikia ultrasaundi ya bega. Mi najua ultrasaundi ni ya wajawazito, hapa si naliwa hela tu? Au nijichange nipige MRI moja kwa moja?

JIBU: Marahaba fundi, pole sana. Huliwi hela, hata mi ningekuandikia hichohicho.

Hayo maumivu ya kuchoma afu kupoa mara nyingi yanakuja mkono ukinyanyuliwa pembeni kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, na ukituambia hivyo tunaanza kuhisi kuna kitu kinabanwa. Juu ya bega kuna mfupa umetokeza kama paa, chini yake inapita kano ya msuli unaonyanyua mkono, msuli wenyewe unaitwa supraspinatasi, na katikati ya kano na huo mfupa kuna kifuko chembamba cha majimaji cha kupunguza msuguano. Sasa mtu anayeshinda mikono juu kama wewe, kano ikichoka na kifuko kikivimba nafasi inakuwa finyu, basi kila ukinyanyua unasikia. Eksirei inaona mfupa, na chokaa kama imeganda kwenye kano, lakini kano yenyewe na kifuko haivioni, ndo maana umeambiwa safi na bado hulali.

Utakalishwa kwenye stuli, jeli begani, afu utaambiwa weka kiganja nyuma kama unatoa waleti kwenye mfuko wa suruali, kiwiko kiangalie nyuma. Usishangae, mkono ukikaa hivyo kano inachomoza kutoka chini ya mfupa, maana ultrasaundi haipenyi mfupa. Wataangalia kama imechanika, kama imevimba, na kifuko kina unene gani, kawaida hakizidi milimita 2 hivi. Halafu ndo inakuja sehemu ninayoipenda mimi: unaambiwa nyanyua mkono pembeni polepole huku kile kichwa cha mashine kimekaa palepale, na kwenye skrini anaona kano ikiteleza kuingia chini ya paa, kama kuna kubanwa kifuko kinajikunja na kujikusanya pale ukingoni badala ya kupita. MRI ya kawaida unalala umetulia, hicho kitendo haikioni. Ikianza kuchoma sema hapohapo, usijikaze kiume, anatakiwa alinganishe picha na maumivu yako. Na muombe aangalie bega la pili pia.

Ila kipimo hiki kinategemea sana mkono wa anayepima. Kichwa cha mashine kikiinama kidogo tu, kano nzima inaonekana nyeusi utadhani imechanika, kwa hiyo tafuta mtu aliyezoea kupima mabega na si matumbo peke yake. MRI tunaiweka akiba, kwa mfano tukihisi tatizo liko ndani kabisa ya kiungo, au mkiwa mnapanga upasuaji. Kingine, kama hata mtu mwingine akikunyanyulia mkono hauendi, hilo huenda ni bega lililoganda, tena ukapime na sukari.

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 66, niko Tanga. Ultrasaundi ya bega imeandika kano imechanika kidogo, mwanangu anasema lazima nipasuliwe. Kweli?

JIBU: Marahaba mama. Mwambie asikimbie. Umri wako kano zilizochanika kidogo tunazikuta hata kwa watu ambao bega haliwaumi hata siku moja, kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, lazima daktari akushike bega akupime nguvu. Zamani ilikuwa bega likibana wanachonga ule mfupa wa juu, tangu Dr. Charles Neer wa Marekani alipoandika habari zake mwaka 1972, lakini utafiti wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018 ulilinganisha kuchonga na upasuaji wa geresha, yaani waliingiza kamera tu bila kuchonga kitu, na tofauti haikuwa ya maana. Kwa hiyo anza na mazoezi ya fizio, uyafanye wiki kadhaa bila kuruka, na dawa za maumivu alizokuandikia daktari. Lakini kama ulianguka na tangu siku hiyo mkono haunyanyuki kabisa, hapo mwanao yuko sahihi kukuharakisha, nenda kwa daktari wa mifupa wiki hiihii.