Mfumbati unacheza kwenye tendegu: nirekebisheje?

Swali: Nimetengeneza kitanda cha futi 5 kwa 6. Mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, ina unene wa mm 45; matendegu, yaani miguu ya kitanda, ni mm 75 kwa 75. Nimeunga kwa ulimi (ncha ya mbao iliyochongwa nyembamba) unaoingia kwenye tundu la tendegu, nikatia gundi na kupigilia msumari mmoja kila kiungo. Baada ya miezi michache kinalia mtu akijigeuza, na mifumbati inacheza. Niongeze misumari? Na je, kinaweza kufanywa kiwe cha kufungua bila bolti?

Jibu: Misumari usiongeze, itapasua ulimi tu. Ng'oa iliyopo, fungua viungo, kisha tazama bega, yaani pale ulimi unapoanzia. Bega lisipokaa barabara kwenye uso wa tendegu pande zote, uzito wote unabaki kwenye ulimi, nao unasuguana na tundu hadi unalegea. Mara nyingi chanzo ni mbao mbichi: ilikaza siku ya kuunga, ikasinyaa ilipokauka.

Kwa unene wako, ulimi uwe mm 15, theluthi ya mfumbati. Ukiwa umepwaya, gundisha kipande chembamba cha mbao kila shavu, yaani kila uso mpana wa ulimi, nyuzi zikifuata ulimi, halafu punguza kwa patasi kidogo kidogo. Uingie kwa kusukuma kwa mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukidai nyundo nzito, utapasua tendegu. Ukianguka wenyewe, gundi haitauokoa.

Vitakizo, yaani mbao fupi za kichwani na miguuni, viunge moja kwa moja na matendegu, kwa gundi na kijiti cha mbao ngumu kavu cha mm 10. Toboa tendegu kwanza, ulimi ukiwa nje. Uingize, weka alama kupitia tundu hilo, uutoe, kisha toboa ulimi mm 1.5 kutoka kwenye alama kuelekea begani. Kijiti kikipita kinavuta bega likaze. Ukikosea upande, kitausukuma ulimi nje, na hapo hakuna dawa ila kuziba na kutoboa upya. Kijiti kipasue kwa kufuata nyuzi, usikikate kwa msumeno.

Ukitaka kitanda cha kufungua bila bolti, mifumbati ndiyo ya kufungua, hivyo haitiwi gundi. Hapa ulimi wa sasa hautoshi: unatakiwa upite tendegu lote na kutokeza kama mm 60 upande wa pili, kwa hiyo utahitaji mifumbati mipya. Tundu lake lipite juu au chini ya lile la kitakizo, yasikutane ndani ya tendegu. Sehemu iliyotokeza itobolewe tundu la kabari, na ukingo wa ndani wa tundu hilo uingie mm 2 hadi 3 ndani ya uso wa tendegu. Bila nafasi hiyo kabari itagota kwenye ulimi kabla ya kuvuta kitu. Acha angalau mm 30 za mbao mbele ya kabari, maana ncha fupi hung'oka. Kabari isimame wima. Ikilegea, gonga kidogo.

Kikiendelea kulia, kagua chaga. Zilizopigiliwa misumari zifunge kwa skrubu, na upake nta ya mshumaa zinapokalia.