Usijifungie shambani kwanza, nenda kikundini hivyo hivyo ulivyo

Mkuu uliyeko Pangani, hapo ulipoandika "naenda kujifungia shambani kwa babu wiki mbili, nikishakuwa safi ndo nitafute kikundi cha kuacha pombe Tanga mjini", hiyo safari futa. Futa leo. Nimesoma usiku nikashindwa kulala, maana ni mimi yule wa 2019, maneno yale yale.

Mimi wa Muheza. Nilikunywa kila siku miaka kama tisa, mnazi asubuhi ili mikono itulie, gongo jioni. Akaja mtu kijijini anajiita mshauri wa waraibu, ana beji shingoni, anaongea vizuri, nikamfuata mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Akachukua elfu thelathini yangu akasema vikundi havipokei mtu anayenuka pombe, kajisafishe kwanza wiki mbili ndo uje nikupeleke. Hakuniuliza nakunywa kiasi gani. Hakuniuliza kama asubuhi natetemeka. Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka, kwa sababu mtu anayelipwa kushauri walevi halafu hajui hata kuuliza hayo ni bora angeuza karanga.

Nikaenda kwenye kibanda cha shamba la machungwa, simu na hela zote nikamwachia mdogo wangu nisije nikatoroka. Siku ya kwanza jasho, kutapika, mikono inacheza, nikasema hii arosto itapita. Usiku wa pili nikaanguka kifafa, mimi ambaye sijawahi kuugua kifafa tangu nizaliwe, nikaangukia mafigani na makaa bado yana moto. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji mpaka leo. Yaliyofuata nasimuliwa tu, eti nilikuwa naokota siafu kwenye shuka na hamna siafu, naongea na marehemu baba kwamba ananiita nje. Nyumbani wakasema majini hayo, nikapelekwa kwa mganga, siku nzima ikaishia huko na mbuzi wawili wakaondoka. Siwalaumu, walikuwa wanaogopa na hakuna aliyewahi kuwaambia. Tulipofika hospitali nesi mmoja akauliza swali moja tu, "mara ya mwisho kunywa lini?" Hapo ndo watu wakaanza kukimbia na sindano. Shamba likauzwa nusu.

Sasa sikia nilivyoelezwa wodini. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla, ubongo unawaka. Kifafa kinakuja kati ya masaa 6 na 48 toka ulipokunywa mara ya mwisho, kuweweseka na kuona vitu kunakuja siku ya pili mpaka ya nne, na hiyo inaua mkuu, watu wanazikwa wanasema alirogwa. Sio kila mnywaji inampata, ila wewe umeandika mwenyewe kwamba usipopata kidogo asubuhi huwezi kushika kikombe. Ndo dalili yenyewe hiyo. Usikate ghafla ukiwa peke yako. Nenda hospitali, sema ukweli wa kiasi unachokunywa usipunguze kwa aibu, watakupa diazepamu na kuipunguza taratibu, na vitamini B1. Na huyo mchangiaji hapo juu aliyekwambia ukaombe methadoni, ile dawa ni ya watu wa heroini, pombe haitibu.

Kilichoniuma kuliko hata mkono ni siku nilipofika kikundini Tanga, mkono una bandeji, nimekaa nyuma. Akaingia jamaa amelewa kabisa, ananuka mpaka mlangoni. Nikajua watamtoa. Mzee mmoja akasogea akampa kiti, akaletewa chai ya tangawizi na andazi, akaambiwa kaa usikilize, kesho asubuhi tunaenda wote kwa daktari. Basi. Nililia pale mbele za watu, maana ningeweza kuwa mimi kwenye kile kiti miezi mitatu nyuma na vidole vyangu vyote.

Yule mzee ndo alinisimulia kwamba AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) ilianzia Akron huko Marekani 1935, watu wawili tu, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, na mtu wa tatu walimfuata akiwa bado kitandani hospitali. Sharti la kuingia mpaka leo ni moja, uwe unataka kuacha. Kutaka mkuu, hawajasema uwe umeshaacha. Ada hakuna.

Kuhusu kupata kikundi huko kijijini usitegemee kuona bango. Muulize nesi wa afya ya akili hospitali, muulize afisa ustawi wa jamii, piga hodi soba hausi yoyote, zile nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha, hata kama huendi kulala. Na ukimpata mlevi mwenzio mmoja anayetaka kuacha kaeni chini ya mwembe, AA wenyewe wanasema wawili watatu wakikutana kwa ajili hiyo tayari ni kikundi. Sisi huku Muheza tulianza watatu, Alhamisi kwa Alhamisi, na mmoja wetu alikuja wiki nne mfululizo akiwa amekunywa. Wiki ya tano akaja mkavu.

Mke wako mwambie usiku huu huu, asikusikie ukiwa umeshaanza kuongea na ukuta. Mengine uliyouliza tutaongea, kwanza nijibu hapa hapa: leo umekunywa saa ngapi, na nani atakusindikiza hospitali kesho?