Mwanangu, Kiti cha Ukuu Kingoje

Mwanangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Umeniuliza: chuo kinakutaka uwe mkuu wa kitivo cha biashara, je, ukubali ama ubaki na utafiti wako wa mambo ya fedha? Usikubali mwaka huu. Umalize kwanza ule utafiti wa wenye akiba.

Nimefundisha uhasibu miaka mingi, na wakuu wa vitivo nimewaona kwa karibu. Asubuhi ni wanafunzi ambao alama zao zimepotea na walimu wa vipindi wanaodai malipo. Mchana ni seneti. Jioni ni makabrasha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kozi zipate kuidhinishwa. Kazi hiyo ina heshima yake na lazima mtu aifanye. Lakini utafiti haupigi hodi ofisini. Hakuna atakayekuja kukuuliza umefika wapi, na ndiyo maana huachwa wa kwanza.

Wewe ndiye uliyenieleza habari za Douglas Diamond na Philip Dybvig, wanauchumi wa Marekani. Mwaka 1983 walionyesha kwamba benki hupokea amana ambazo wenyewe wanaweza kuzidai wakati wowote, kisha huzikopesha kwa muda mrefu. Basi hata benki iliyo imara yaweza kuanguka, watu wakiogopa tu kwamba wenzao watawatangulia kutoa. Tuzo ya Nobel ikawafikia 2022, miaka 39 baadaye.

Sisi tuliyaona hapa Kenya Aprili 2016, wateja walipokimbilia pesa zao na Chase Bank ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa. Huku Majengo, Mombasa, akina mama wa vyama vya kuweka akiba walikuwa wakiulizana kama watoe hata zilizokuwa benki nyingine. Bima ya amana, yaani kiasi anachohakikishiwa mwenye akiba benki ikianguka, wakati ule ilikuwa shilingi 100,000 kwa mtu. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi 500,000. Je, imewatuliza? Mwenye duka Marikiti akiletewa uvumi kwenye simu usiku wa manane, na pesa aweza kuzihamishia M-Pesa papo hapo, atangoja kupambazuke? Hilo ndilo swali lako, na hao wa ng'ambo hawatatujibia.

Simaanishi uukatae uongozi daima. Peter Blair Henry, mzaliwa wa Jamaika, alipata udaktari wa uchumi chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1997, akatafiti yanayotokea nchi zinazoendelea zikiwafungulia wageni masoko ya hisa, na ukuu wa Stern, skuli ya biashara ya New York University, akaushika 2010. Aliingia na kazi yake mkononi. Nakutakia hivyo hivyo.

Baba yako hakubaliani nami. Asema kiti kikichukuliwa na asiyewajali wanafunzi, utaumia kukitazama. Neno hilo ni zito, na sina la kumjibu ila kwamba utafiti wako hakuna mwingine wa kuumaliza.

Ukienda kwa naibu chansela, mshukuru, kisha umwombe likizo ya utafiti. Uje ukae nasi, chumba chako kipo. Nitakupeleka kwa waweka hazina wa vyama vya Majengo na Kisauni. Wanakumbuka nani alitoa pesa siku zile na kwa nini, na mgeni hawatamwambia.

Mama yako