Wanasayansi hugunduaje? Niliyoyaona miaka sita nikipima visima Dodoma

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema kijana wako yuko kidato cha pili hapa Dodoma na amekata tamaa ya fizikia, anaamini wanasayansi wamezaliwa na akili ya peke yao, na kwamba ugunduzi huwajia tu kichwani kama ulivyomjia Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Tanzania aliyeona maziwa moto ya aisikrimu yakiganda kabla ya yaliyo baridi. Ukaomba mtu aliyewahi kufanya kazi nao aeleze wanavyofikiri. Mimi sina shahada. Ila nilikaa miaka sita chini ya wataalamu wa maji ya ardhini, nikizunguka na pikipiki kupima visima upande wa Bahi na Chamwino, na niliyoyaona kule bado ninayo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Visima kumi na kimoja, kila mwezi. Ni visima vya uangalizi, havina pampu, ni bomba tu limesimama porini na kifuniko chake. Unafunua, unashusha utepe wenye alama za sentimita na kichwa cha chuma mwishoni. Kichwa kikigusa maji, kifaa kinalia huku juu. Unasoma namba pale utepe unapopita kwenye mdomo wa bomba, unaandika tarehe, saa na kina. Unafunika, unaondoka. Mwezi ujao hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza niliona ni kazi ya kumaliza mafuta tu.

Kiangazi kimoja, kisima cha saba kilishuka sentimita 41 kwa mwezi mmoja. Siku zote kilikuwa kikishuka tatu, nne. Nilirudi ofisini mbio kwa mhandisi wetu, mama mmoja mtaratibu sana, nikamwambia, "Mama, kuna mtu anavuta maji pale. Ni lile shamba jipya la zabibu." Nilikuwa na hakika kabisa. Shamba lilikuwepo, kisima chao kilikuwepo, na wanakijiji walikuwa wameshaanza kunung'unika.

Hakunikubalia, wala hakunibishia. Alivuta karatasi akasema, "Haya, tuseme ni shamba. Kama ni shamba, ni kitu gani kingine lazima tukione?" Nikafikiri. Kisima cha nane kiko karibu zaidi na shamba kuliko cha saba, kwa hiyo nacho kingeshuka. Tukafungua daftari: cha nane, sentimita tatu. Tuseme basi utepe umevutika. Visima vyote vya siku ile vingekosea pamoja, na havikukosea. Tuseme nilisoma vibaya. "Kesho rudi ukapime tena." Nikarudi, namba ni ileile. Ndipo akasema, "Kilichobadilika kiko palepale kisimani. Twende."

Tulipofika hakushusha utepe kwanza. Alilizunguka bomba, akalipapasa kwa mkono. Karibu na mdomo palikuwa na mshono wa kuchomelea chini ya rangi mpya. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amemwita fundi aongeze kipande cha bomba ili watoto wasiendelee kutumbukiza mawe. Kifuniko kilirudishwa, rangi ikapakwa ya bluu ileile, na mimi niliyefika pale kila mwezi sikuona kitu. Tulikipima kile kipande: sentimita 38. Ongeza tatu za kawaida za mwezi, unapata 41. Maji hayakwenda popote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeanza kupimia juu zaidi.

Siku ile ndiyo iliyonifundisha namna wanavyofikiri, na ningependa kijana wako aijue kabla ya fomula yoyote. Mimi nilikuwa na jibu moja, nikawa natafuta wa kunikubalia. Yule mama alikuwa na majibu manne, na kila moja alilitafutia njia ya kulifukuza. Lililogoma kufukuzika ndilo alilolifuata kwa miguu. Na nikuhakikishie, mawazo yake mwenyewe aliyafanyia vivyo hivyo. Nilimwona akifuta kwa mkono wake ukurasa mzima alioutolea jasho wiki nzima, kwa sababu kisima kimoja hakikukubaliana nao.

Kuhusu Mpemba, mwambie kijana habari nzima, maana kipande cha "aligundua kwa aisikrimu" kinapotosha. Mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari kule Tanga, Erasto Mpemba aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne naye alitilia shaka, lakini alirudi chuoni likajaribiwa kwa maji. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Na halijaisha hapo: mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha, na wakaonyesha kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu kunaweza kugeuza jibu. Niliposoma hilo nililikumbuka bomba la kisima cha saba. Wengine bado wanabishana nao hadi leo, na sioni kama hilo linampunguzia Mpemba heshima hata kidogo. Aliuliza swali ambalo watu wazima wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne.

Jambo la pili ni daftari. Kuna mwezi mvua ilinikwamisha mtoni, sikuvifikia visima vitatu. Nilikaribia kuandika namba za mwezi uliopita na kuongeza kidogo, nani angejua? Mama yule alikuwa ameshanionya: "Ukishindwa kufika, andika sikufika. Pengo naweza kulifanyia kazi, namba ya uongo siwezi." Nikaandika sikufika.

Uzito wa maneno yale niliuelewa baadaye, niliposikia habari za Makutupora, visima vya kaskazini mwa jiji vinavyotunywesha hapa mjini. Kina cha maji pale kimekuwa kikipimwa tangu katikati ya miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha walichokiona katika rekodi za miaka 55. Maji yale hayapandi kila mwaka. Hushuka miaka mfululizo, kisha unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida na kuyainua. Misimu hiyo huendana sana na elinino na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Ule wa 1997/98 kila mtu wa umri wangu anaukumbuka.

Nilishtuka, kwa sababu visima vyangu vilishuka miaka minne mfululizo, na miwili kati ya hiyo tulivuna vizuri. Nilidhani napima vibaya. Kumbe mvua ya kuivisha mtama si lazima ifike kisimani. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunywewa na jua, udongo wa juu na mizizi. Ni pale mvua inapozidi uwezo wao ndipo maji yanapopenya chini. Aliyeshusha utepe Makutupora mwaka 1955 hakujua swali litakaloulizwa miaka 55 baadaye. Angebuni namba siku alizokwama mtoni, na waliomfuata wakafanya hivyo, jibu lile lisingepatikana.

Babu yangu alifyeka pori Kongwa kwenye mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947. Walipanga zaidi ya ekari milioni tatu bila kwanza kulima shamba dogo la majaribio kwa misimu kadhaa. Mvua ikawa haiaminiki, na udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa sakafu, karanga haing'oki. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda. Trekta walikuwa nazo, wasomi walikuwa nao. Swali la yule mama, "lazima tuone nini kingine," hawakulipa muda.

Kijana wako hahitaji maabara kuanza. Mtafutie kopo lenye pande zilizonyooka, chini bapa, aliweke mahali pa wazi mbali na paa na mti, alizungushie mawe lisianguke. Kila asubuhi saa moja apime kwa rula, milimita ngapi, amwage, aandike. Siku asipopima aandike "sikupima". Kabla ya mvua kuanza, aandike pia kurasa za mbele anadhani mwezi gani utapata nyingi zaidi, na kwa nini. Miezi miwili ikiisha, mkuu, piga picha hilo daftari ulilete humu tulisome pamoja naye.