Mkuu, achana na madume. Kamata majike kwanza

Hiyo hela ya mchango usiitoe kwanza. Umeandika kwamba paka wanaozagaa huko Kibosho, kati ya mashine ya kusaga, bucha na jiko la shule, wamefika kama ishirini, mmeshachangishana, na mtaalamu kawashauri muanze na kuhasi madume kwa kuwa bei ni nafuu na kidonda ni kidogo. Ukauliza pia habari za mitego na chakula. Nakuja huko, lakini hapo kwa madume ndipo mnapozama.

Ushauri huo huo nilipewa mimi, tena kwa upole kabisa, na mtu aliyekuwa anapokea hela kwa kila kichwa. Hela ikaisha, madume wakanenepa kama wenyeviti wa kamati, na nyuma ya mashine watoto wakawa wengi kuliko tulipoanza. Siku hizi nikisikia mtu anasema "anza na rahisi", natamani nimkabidhi boksi la watoto wa paka, na maziwa anunue mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Chukua paka kumi, madume watano na majike watano. Hasi madume wanne: yule mmoja aliyebaki anawatosha majike wote watano, na watoto watazaliwa wale wale. Hasi wote watano: jike akiingia kwenye joto analia usiku kucha, na madume wa kitongoji cha ng'ambo ya korongo wanavuka. Hao hukuwahesabu kwenye mchango. Sasa geuza. Toa kizazi majike wanne, madume wote waache na vyao. Amebaki jike mmoja tu wa kuzaa, hata madume waje kutoka Machame kwa miguu. Kuhasi dume kuna faida yake: mapigano yanapungua, kelele inapungua, na ule mkojo wa kunuka mlangoni unapungua. Lakini idadi haitikisiki.

Na muda hauko upande wenu. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi. Jike anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha, na binti yake anaweza kubeba akiwa na miezi minne au mitano, bado unamwona mtoto. Wenzetu wa Ulaya wana nafuu, kwa sababu mchana ukifupika wakati wa baridi jike anapumzika. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, hiyo likizo hakuna. Kila miezi miwili unayoitumia kwa madume, majike wanaweza kukuletea kundi jipya.

Kwa hiyo: majike wote wa sehemu moja mpaka waishe, ndipo uhamie sehemu ya pili. Sio watatu wa mashine, wawili wa bucha na mmoja wa shule ili kila mchangiaji aone chake. Ukiacha majike wawili kwenye mashine, watalijaza tena pengo lote ulilolilipia. Wachangiaji watanuna, waache wanune.

Utamjuaje jike kabla hujamshika? Dume mzima ambaye hajahasiwa ana mashavu mapana na shingo nene. Jike uso wake ni mwembamba. Mwenye rangi tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, karibu kila mara ni jike. Wekundu watupu wengi ni madume. Akinyanyua mkia akiwa anaondoka, tazama. Anayenyonyesha chuchu zinaonekana, na manyoya kuzizunguka yamelala au yamechakaa.

Ndiyo maana mtego wa boksi peke yake unakuponza: anaingia yeyote mwenye tamaa, na mwenye tamaa mara nyingi ni dume. Tumia tenga la kuku, lile kubwa. Ligeuze, toboa mlango mdogo ubavuni wenye kibao cha kuvuta juu, weka jiwe juu ya tenga, liegemeze kwenye kijiti chenye kamba ya mita tano au sita, dagaa weka katikati. Kaa mbali na kamba mkononi. Dume akiingia mwache ale. Jike akiingia mwili mzima, mkia ukiwemo, vuta. Hapo hapo funika blanketi, atatulia. Kisha sogeza boksi la kusafirishia kwenye ule mlango, funua upande wa boksi tu, atakimbilia penye mwanga. Usiingize mkono, hata kama anakutazama kwa huruma.

Boksi mpe fundi wa kuchomelea: urefu sentimita 80 hadi 90, upana 30, kimo 35, wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5. Waya wa kuku ataukunja, na kucha na fizi zitachanika. Sakafuni weka gazeti. Chakula ondoa usiku wa kuamkia siku ya upasuaji, maji yaache. Na huko juu, karibu na msitu, ukikuta umenasa kanu mwenye madoa na mkia wa pete, fungua mlango urudi nyuma. Huyo si paka wa mtu.

Kwa daktari wa mifugo sema haya kabla hajashika kisu. Uzi uwe wa kuyeyuka, maana hakuna atakayemkamata tena kutoa nyuzi. Ncha ya sikio la kushoto ikatwe sawasawa, kama sentimita moja, akiwa bado kwenye usingizi. Msipofanya hivyo mtamnasa jike yule yule mwezi ujao na kumpasua bure. Macho yapakwe dawa ya mafuta, kwa kuwa wakiwa kwenye dawa ya usingizi wanabaki wametoa macho na yanakauka. Chanjo ya kichaa cha mbwa mpeni hapo hapo, ila ikija mfukoni bila barafu, ikataeni. Inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi.

Akitoka, mlaze ndani ya boksi lililofunikwa, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga. Mwezi wa saba huko Kibosho baridi inaua paka ambaye kisu hakikumuua. Chakula asipewe mpaka asimame bila kuyumba. Jike wa kawaida mkae naye saa 24, mkiangalia damu. Anayenyonyesha akiamka vizuri arudi siku hiyo hiyo pale alipotoka, watoto wanamsubiri. Mwombe daktari ampasue ubavuni, mbali na chuchu, kidonda utakiona hata akiwa mita kumi.

Akiwang'ata, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku ile ile. Sio spiriti na kusikilizia.

Na huyo aliyesema wabebwe kwenye viroba wakatupwe soko la Tengeru, mwambie pumba na mifupa itabaki palepale, na paka wengine watakuja, tena wenye uzazi wao. Sumu ndiyo kabisa msiiguse: mzoga ataula mbwa wa jirani, kesi itaanzia hapo. Sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu nayo nimeona mtu kaitaja hapo juu. Inaozesha kizazi cha paka, acheni.

Hela mliyonayo inatosha majike wangapi? Hesabu majike wa mashine peke yao kesho alfajiri kabla hawajaanza kusaga, uniandikie hapa idadi.