Kahawa na kichwa cha mawingu

Pole sana dada. Umeuliza kama unywe kahawa kila mawingu ya masika yanapotanda na kichwa kuanza kugonga. Nina kipandauso (maumivu makali ya kichwa yanayorudi-rudi) mwaka wa tisa sasa, na jibu langu ni: kunywa, lakini mapema na kidogo. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, hubana mishipa ya damu kichwani na huipa nguvu parasetamoli. Kikombe kimoja shingo inapoanza kukaza kinanisaidia kuliko vitatu kichwa kikishachachamaa.

Shida ni mazoea. Ukizoea vikombe vinne kila siku, siku ukikosa, ndani ya saa 12 hadi 24 kichwa kinauma kwa kukosa kahawa, nawe unasingizia mvua. Nilidanganyika hivyo msimu mzima, mpaka nilipoanza kuandika kwenye daftari: saa, hali ya hewa, nilichokunywa. Hesabu pia chai ya rangi, na vidonge vya maumivu vyenye kafeini (soma nyuma ya pakiti). Vidonge hivyo visifike siku 10 kwa mwezi, maana navyo huzaa maumivu.

Kama una mimba, kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku. Na kichwa kikikupiga ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au kikija na homa na shingo ngumu, wahi hospitali saa hiyohiyo.