Sange Ananipa Mgongo Tu

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni kijana wa hapa Gede. Nimenunua kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 300, na kwa wiki tatu sasa nakwenda kwenye magofu ya mji wa kale kumtafuta sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Nikimwona namfuata mbio, napiga picha kumi, ishirini. Nikifika nyumbani nikizifungua naona majani na kitu cha njano kinachokimbia, tena kimefifia. Wenzangu wanasema ninunue lenzi kubwa zaidi. Kosa ni la kamera au ni langu?
*Msomaji, Gede*

JIBU: Marahaba mwanangu. Lenzi usinunue. Hiyo yako yatosha kabisa, na pesa hizo bora ununue betri ya pili.

Hicho kitu cha njano kinachokupotezea picha ndicho hasa kilichowekwa kukupoteza. Sange wetu ana mwili wa hudhurungi iliyokolea, miguu myeusi, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, halafu pale nyuma, juu ya mkia, ana kiraka kinachong'aa kama dhahabu. Ngozi ya hapo ni nene kuliko ya sehemu nyingine ya mgongo. Wanaomchunguza wanaona kwamba adui anayemkimbiza huvutwa na rangi ile, akauma nyuma badala ya kichwani, na sange akaponyoka. Sasa na wewe unamkimbiza, na macho yako yanavutwa papo hapo, na fokasi ya kamera, yaani pale inapolenga pawe wazi bila ukungu, inayafuata. Sange amekufanya vile vile anavyomfanya mwewe.

Kwa hiyo kwanza acha kumkimbiza. Nenda asubuhi mara lango linapofunguliwa, kabla watalii hawajaja, maana sange ni mnyama wa mchana na asubuhi huwa na njaa. Tafuta mahali ambapo majani makavu ni mengi na mwanga wa jua unapenya, ukae chini, mgongo kwenye ukuta wa mawe. Chakula usije nacho, kwani wale kima wa Gede watakuvamia na asubuhi yako itaishia hapo. Utamsikia sange kabla hujamwona: chaka-chaka, kimya, chaka-chaka. Ndiye huyo anafukua majani kwa pua yake ndefu akitafuta mende na minyoo. Anapofukua anakwenda hatua chache, anasimama, anachimba, anasimama tena. Picha yako imo katika kule kusimama.

Kamera iweke tayari mapema. Chagua alama moja tu ya fokasi, uielekeze kwenye jicho. Akiwa anachimba, kasi ya shata (kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga picha inapopigwa) ya 1/250 ya sekunde inaweza kukutosha ukitulia vizuri, viwiko juu ya magoti. Akianza kuruka, panda hadi 1/1000 au zaidi. Fanya hesabu mwenyewe: mnyama anayekwenda mita 5 kwa sekunde, ukimpiga kwa 1/100, anasogea sentimita 5 kabla shata haijafunga. Kwa 1/1000 anasogea nusu sentimita. Najua utaniambia chini ya miti ile mna giza. Kweli, basi pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, hadi 3200, hata 6400. Picha itakuwa na chengachenga, lakini chengachenga za jicho linaloonekana nazipenda kuliko ulaini wa ukungu. Watu wengi wanaogopa kupandisha ISO na ndiyo maana wanarudi na ukungu.

Jambo lingine, na hili nakusihi: usitoke kwenye njia. Sange hulala ndani ya kichuguu cha majani anachokijenga chini, na kwa macho yetu ni rundo la takataka tu za msituni. Ukikanyaga huku na kule ukimfuata, unaweza kuvunja nyumba yake bila kujua. Huyu mnyama yumo katika hatari ya kutoweka; makao yake makubwa duniani ni huu msitu wetu wa Arabuko-Sokoke na vichaka vichache vya pwani hii.

Nakwambia hivi kwa sababu nilikosea. Miaka ya mwanzo, hapa Malindi, ndege chozi alitundika kiota chake kwenye mkomamanga wa jirani. Majani yalinizuia kuona makinda, nikakata kitawi kimoja. Kitawi kimoja tu. Nikapata picha nzuri, midomo miwili imeachama, na mama anawalisha. Kesho yake kunguru walikuwa wamekiona kiota kupitia ule upenyo nilioufungua mimi. Picha ile sijawahi kumwonyesha mtu.

Na siku ukichoka na giza la Gede, msimu wa kaskazi teremka hori ya Mida jioni uwatazame keremkerem wekundu. Ndege yule huruka, hunasa mdudu hewani, na mara nyingi hurudi kwenye tawi lile lile kumpigapiga kabla ya kummeza. Usihangaike naye angani. Fokasi itulie kwenye tawi, kasi iwe 1/2000, piga mfululizo anapofungua mbawa kutua.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi ni mwalimu, naishi Shela. Nataka picha za wale kaa weupe wa mchangani ili niwaonyeshe wanafunzi, lakini nina simu tu. Nikisogea hatua mbili wote wameingia mashimoni.
*Msomaji, Lamu*

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Wanakuhisi kwa miguu yao. Mtikisiko wa hatua zako unapita mchangani. Alfajiri jua linapochomoza, chagua shimo lenye mchanga mbichi uliotupwa nje, maana hapo mwenyewe yumo. Tandika leso, lala kifudifudi kiasi cha mita moja na nusu, simu iwe karibu iguse mchanga, jua likiwa nyuma yako kwa upande, ili kivuli chako kisifike shimoni. Kisha usitikisike. Dakika kumi, pengine robo saa. Yatatangulia macho mawili juu ya vijiti vyake, yatageuka huku na huku, halafu atatoka na konzi ya mchanga amekumbatia, autupe. Rekodi video badala ya kungoja kubonyeza, fremu (picha) 60 kwa sekunde kama simu yako inaweza, kisha uchague ile moja uliyoipenda. Usivute picha kwa vidole ili kuikuza. Ukitaka karibu zaidi, sogeza leso kesho yake. Na kioo cha lenzi ya simu kifute chumvi kabla ya kuanza, kwa kitambaa cha pamba.